Kwa nini chikanda haipandwi kama viazi? Historia ya okidi ya nyasi na somo lake kwetu



Sisi maofisa ugani tunaofanya kazi Nyanda za Juu Kusini tunaulizwa mara kwa mara mbegu ya chikanda inapatikana wapi. Anayeuliza ana hesabu nzuri kichwani. Anaona magunia yanakwenda Tunduma, anaona soko lipo upande wa Zambia, naye ana ekari moja ya nyasi isiyo na kazi. Kama viazi mviringo vinapandwa, chikanda itashindikana vipi?

Jibu fupi ni kwamba hakuna mbegu ya chikanda unayoweza kununua dukani ukaipanda shambani ikaota. Akitokea mtu kukuuzia, shika fedha yako. Jibu refu ni historia, na leo nataka tuipitie pamoja, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalogusa mfuko wako moja kwa moja.

Mmea wenyewe

Chikanda, ambayo wengine huiita kinaka, si mmea mmoja. Ni viazi vya aina nyingi za okidi ndogo zinazoota ardhini kwenye nyasi. Wataalamu huziweka katika makundi ya Disa, Satyrium na Habenaria, pamoja na mengine machache. Nyingi hazikufiki kiunoni. Msimu wa mvua hutoa shina moja lenye maua ya waridi, mekundu, ya njano au meupe, kisha kiangazi hukauka juu na kubaki kiazi chini ya udongo.

Okidi hizi hupenda jua. Watu wengi wakisikia okidi hufikiria ua la kwenye chungu linalofichwa kivulini, au lile linaloshika kwenye gome la mti msituni. Hizi zetu ni za uwanda wazi. Ukizipandia paina au mikaratusi juu yake, kivuli kikifunga, zinapotea.

Ukichimba okidi ya nyasi wakati wa maua utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, hicho ni cha mwaka jana, na akiba yake imeliwa na shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, hicho ni akiba ya mwakani. Wagiriki wa kale waliviona viazi hivyo pacha wakaupa mmea jina lenye maana ya korodani, na neno okidi limetokana na hapo. Mchimbaji huchukua kile kilichojaa na kutupa kilichosinyaa. Kwa maneno mengine, anachukua kesho ya mmea na kuuachia jana yake.

Chakula cha porini kilichogeuka biashara

Kula viazi hivi si jambo geni. Kwa muda mrefu wenyeji wa nyanda hizi walivila kwa kiasi kidogo. Kilichobadilika ni soko.

Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, viazi hivi hukaushwa, husagwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi au soda. Mchanganyiko huvimba na kushikana kama mkate mzito, hukatwa vipande na kuliwa kama kitoweo au vitafunwa. Hiyo ndiyo chikanda. Watu walipohamia mijini walihama na ladha yao. Chakula cha kijijini kikaingia kwenye masoko ya Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba, hata kwenye hoteli. Walaji wakaongezeka, lakini nyasi zinazotoa viazi hazikuongezeka.

Viazi vya karibu vilipopungua, wanunuzi walivuka mipaka. Walikuja kwetu, walikwenda Kongo, Angola na Malawi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini ulikadiria kwamba hadi viazi milioni 4 hivi vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba aina 85 za okidi zingeweza kuathirika. Kumbuka kiazi kimoja ni mmea mmoja. Hakuna kukata shina likachipua tena kama sukuma wiki.

Na nani anachimba? Utafiti mwingine, uliofanyika Makete na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wachimbaji wengi ni watu walio katika hali ngumu, zikiwemo kaya zilizoguswa na UKIMWI. Kwa hiyo tunapozungumzia chikanda tusimnyooshee kidole mama anayetafuta ada ya shule. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuumia siku nyasi zitakapokuwa tupu. Mnunuzi mkubwa atahamia kwingine, na mama atabaki pale pale.

Ulaya nayo ilianza kwa kuchimba

Usidhani tatizo hili ni la Waafrika peke yao. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na homa ya okidi. Kampuni za maua zilituma watu Amerika ya Kusini na Asia kuzichukua msituni kwa maelfu. Mmoja wao, Albert Millican, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1891 kwamba huko Kolombia walikata miti ipatayo 4,000 ili kupata okidi kama 10,000. Hebu fikiria, mti mzima unaangushwa ili kuchukua mimea miwili au mitatu iliyoshika kwenye matawi yake.

Kwa nini hawakupanda mbegu? Walijaribu. Tunda moja la okidi lina mbegu maelfu kwa maelfu, mara nyingine hata zaidi ya milioni, nyepesi kama vumbi. Walizimwaga kwenye vyungu, wakamwagilia, wakasubiri. Mara nyingi sana hakikuota kitu.

Miaka ya 1840, David Moore wa bustani ya mimea ya Dublin, Ayalandi, alifanikiwa kuotesha miche michache. Wakulima wa maua wa wakati huo waligundua kwamba mbegu zikimwagwa kwenye udongo ule ule chini ya mmea mama, baadhi huota. Hakuna aliyejua sababu. Ilikuwa kama dawa ya kienyeji, inafanya kazi lakini haina maelezo.

Siri ilipofichuka

Maelezo yalipatikana mwaka 1899. Kijana Mfaransa, Noël Bernard, alikuwa katika msitu wa Fontainebleau karibu na Paris. Akaona okidi iliyolala chini, tunda lake limefunikwa na majani makavu, na mbegu zake zimeanza kuota humo humo. Alipozichunguza kwa darubini akakuta kila mche umeingiwa na nyuzi za kuvu.

Mtu mwingine angesema ni ugonjwa. Bernard alisema hapana, kuvu hiyo ndiyo inayouotesha mche. Baadaye aliitenga kuvu hiyo maabara, akaiweka pamoja na mbegu, na mbegu zikaota.

Hapa tulinganishe na vitu tunavyovijua. Punje ya hindi ina akiba yake ya wanga, na haragwe lina mapande yake mawili yaliyojaa chakula. Ukiifukia mbegu hiyo kwenye udongo wenye unyevu, mche unakula akiba hiyo hadi mizizi ishike. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Imezaliwa bila mkoba wa chakula. Lazima ikutane na kuvu inayofaa ndani ya udongo, nayo kuvu ndiyo huilisha hadi mche upate nguvu zake. Kwa okidi nyingi safari hiyo, toka mbegu hadi ua la kwanza, ni ya miaka.

Sasa unaelewa kwa nini Moore alipata miche chini ya mmea mama. Kuvu ilikuwa tayari pale. Na unaelewa kwa nini mbegu za chikanda ukizimwaga kwenye shamba lililolimwa na kutiwa mbolea kwa miaka kumi huna la kutegemea. Mwenyeji wake huenda hayupo tena.

Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha njia ya mkato. Aliweka mbegu kwenye chupa safi yenye sukari, madini na uteute mgumu unaotokana na mwani. Sukari ikafanya kazi ya kuvu, na mbegu zikaota. Mwaka 1960 Mfaransa mwingine, Georges Morel, alionyesha jinsi ya kuzalisha okidi nyingi kutokana na kichipukizi kimoja kidogo ndani ya chupa. Okidi za vyungu unazoziona zikiuzwa kwenye vitalu vya mijini ni wajukuu wa chupa hizo. Homa ya kuchimba porini ilipungua kwa maua hayo kwa sababu ya kuotesha kuwa rahisi kuliko kuchimba.

Okidi zetu za nyasi bado hazijafika hapo kwa mkulima. Watafiti wanaendelea, lakini mche wa chupa ni lazima utoke maabara, uzoee udongo, ukutane na kuvu yake, ndipo uvumilie jua, baridi na kiangazi. Hiyo si kazi ya kitalu cha nyuma ya nyumba.

Okidi moja ilikubali shamba

Mtu ataniuliza, mbona vanila ni okidi na inalimwa Kagera? Swali zuri, na jibu lake linatufundisha.

Vanila asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ilipopelekwa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi iliota na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa sababu mdudu wa kuichavusha hakuwepo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alionyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo duniani kote, pamoja na kwetu. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848 akapewa jina la Albius. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini, wakati wengine walikuwa wametajirika kwa ujuzi wake.

Angalia tofauti ilipo. Vanila hupandwa kwa pingili. Unakata rando, unalifukia, linaota. Mkulima hakuhitaji kujua lolote kuhusu mbegu wala kuvu, alihitaji kijiti tu cha kuchavushia. Chikanda haina rando la kukata. Ina kiazi kimoja cha mwakani, na hicho ndicho unachouza. Ndiyo maana okidi moja imekuwa zao la biashara na nyingine imebaki ya porini. Tofauti si juhudi ya mkulima, ni maumbile ya mmea.

(Kwa wale wa Makete na Kitulo: vanila inataka joto, unyevu na kivuli kiasi. Baridi yenu si mahali pake, msidanganywe na miche.)

Waliotutangulia: Uturuki

Uturuki wana kinywaji cha moto kiitwacho salep, kinachotengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi na maziwa. Wanatia pia unga huo kwenye aiskrimu. Desturi hiyo ni ya karne nyingi, na zamani hata mitaani London kinywaji hicho kiliuzwa kwa wafanyakazi alfajiri. Viazi vya kule ni vidogo, na inakadiriwa kilo moja ya viazi vikavu hutumia mimea kati ya 1,000 na 4,000.

Kilichotokea kule ni kile kile. Okidi zilipungua, serikali ikapiga marufuku kuziuza nje ya nchi, na wanunuzi wakaanza kutafuta viazi katika nchi jirani ya Irani. Soka la Zambia na Tanzania limechezwa tayari na Uturuki na Irani. Sisi hatuna haja ya kusubiri kipenga cha mwisho ndipo tujue matokeo.

Kitulo, Bustani ya Mungu

Nchi yetu haikukaa kimya. Wataalamu wa mimea walijua utajiri wa nyanda hizi zamani. Mmisionari Mjerumani Adolf Stolz, aliyekuwa Kyimbila, Rungwe, alikusanya mimea mingi ya eneo hili mwanzoni mwa karne ya 20, na aina kadhaa zina jina lake hadi leo. Kuna hata okidi iliyopewa jina la nchi ya Wakinga, Disa ukingensis.

Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ukawa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413. Hifadhi nyingi Afrika zilianzishwa kwa ajili ya tembo na simba. Hii ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Ina aina takriban 350 za mimea, na 45 kati yake ni okidi za ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kati ya Desemba na Aprili uwanda mzima huwaka rangi, na wageni hutoka mbali kuuona.

Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa la jinai. Na nje ya hifadhi pia usidhani ni huria. Mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kazi mwaka 1975, unaihusu familia nzima ya okidi, na nchi yetu ni mwanachama. Kupitisha viazi hivi mpakani bila kibali ni kuhatarisha mtaji wako wote. Mfanyabiashara anayekopa VICOBA ili kununua gunia la chikanda ajue kwamba anaweka dhamana kitu kinachoweza kukamatwa njiani.

Sasa tufanye nini?

Historia bila hatua ni hadithi tu. Haya ndiyo ninayokushauri:

1. Usinunue "mbegu" wala "miche" ya chikanda. Umeshaelewa sababu. Akija mtu na kifuko cha mbegu, muulize kuvu yake iko wapi.

2. Acha ukanda wa nyasi bila kulima. Kama shamba lako lina sehemu yenye okidi za asili, hasa bonde au mteremko, usiuguse kwa jembe wala usiupandie miti. Jua na udongo usiovurugwa ndivyo vinavyoitunza okidi. Ukishalima, huwezi kurudisha kilichokuwepo kwa mbolea.

3. Acha matunda yakomae, kisha saidia upepo. Vifuko vya mbegu vikianza kuwa kahawia na kupasuka, vikung'ute hapo hapo kati ya mimea mama, kama walivyofanya wakulima wa enzi za Moore. Hii haina gharama. Usitegemee fedha mwaka kesho, na usihamishie mbegu hizo shambani.

4. Usihamishe mimea mizima kutoka porini kwenda bustanini. Unaukata na kuvu yake na mara nyingi unakufa.

5. Fanya hesabu ya kweli. Chikanda ukichimba leo, eneo lile mwakani halina kitu. Viazi mviringo, pareto na matufaha vinahitaji jasho, lakini mwakani shamba bado lipo na mbegu unajua pa kuipata. Ukila mavuno umekula chakula, ukila mbegu umekula shamba.

6. Kaeni kama kijiji. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu nyasi za asili na wanunuzi wanaoingia. Mkiwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, uwanda wa nyasi uandikwe humo kwa jina lake, usiandikwe "eneo wazi". Kila eneo wazi hupata mwenyewe, na mara nyingi si mwanakijiji.

7. Mfanyabiashara, badilisha bidhaa mapema. Njia ya Tunduma unaijua, wateja unao, mizani unayo. Ujuzi huo unafaa pia kwa maharage, karanga na viazi. Anayesubiri hadi gunia la mwisho huondoka na deni.

Ndugu yangu, ilichukua watu zaidi ya miaka 70, toka miche ya Moore hadi chupa za Knudson, kujifunza kuotesha mmea waliokuwa wanaupenda na kuumaliza kwa wakati mmoja. Inawezekana siku moja kijana wa Makete au Kasama akaleta njia rahisi ya kuotesha chikanda, kama Edmond alivyofanya kwa vanila akiwa na miaka 12 tu. Lakini siku hiyo ikifika, atahitaji mmea mama wa kuanzia. Kazi yetu wewe na mimi ni kuhakikisha atakapoutafuta ataukuta.

Kama kijijini kwako kuna nyasi zenye okidi na mnataka kujadili mpango wa kuzitunza, zungumza na afisa ugani wa kata yako au ofisi ya maliasili ya wilaya kabla msimu wa kulima haujaanza. Maswali yanakaribishwa. Kazi njema.